Watasema na Dhiraa ya Waziri

Ilikuwepo nchi moja, na kwa taarifa zilizonifikia bado ipo, ambayo jina lake sitalitaja kwa sababu wenyewe hawajalipata. Kamati ya kutafuta jina iliundwa siku ya uhuru, ikapewa magari, viti vya kuzunguka na chai ya saa nne, na tangu hapo haijaona sababu ya kuharakisha kazi. Wananchi wakiulizwa wanatoka wapi hujibu "kwetu". Mtawala wao, aliyeitwa Mtukufu, alipoulizwa alijibu "kwangu", na hakuna aliyecheka.

Katika nchi hiyo aliishi mjane mmoja, Sikudhani, mkaanga vitumbua wa Mtaa wa Songambele. Alikuwa mrefu kwelikweli. Hapakuwa na mlango katika mtaa ule ambao haukuwahi kumgonga kichwa. Mumewe, marehemu Bakilana, alikuwa mpiga tarumbeta wa Bendi ya Taifa, na kifo chake kilikuwa cha kizalendo. Wimbo wa taifa ulikuwa ukiongezwa ubeti mmoja kila Mtukufu anaposherehekea siku yake ya kuzaliwa, na Mtukufu alikuwa mtu wa sherehe, mwaka mwingine akizaliwa hata mara mbili. Ikafika siku beti zikazidi pumzi. Bakilana alianguka katikati ya kiitikio, tarumbeta likiwa bado mdomoni, na kiongozi wa bendi akapewa onyo kali kwa sababu wimbo haukumalizika.

Hawakujaliwa mtoto. Walichojaliwa ni mbwa, tena wa kuokota jalalani. Siku Bakilana alipomleta nyumbani majirani walinong'ona kwamba watu wakikosa mtoto huishia kulea mbwa, na Bakilana akajibu kwamba watasema mpaka wachoke. Jina likawa hilo, Watasema. Mbwa mwenyewe alikuwa mfupi wa kupitiliza, tumbo likifagia vumbi, sikio moja limesimama na la pili limestaafu. Bakilana akitoka kazini alikuwa akipuliza tarumbeta kidogo pale kona ya nyumba, na Watasema anatoka mbio, anafika kwenye vile viatu vya bendi vinavyong'aa, anakojoa kwa furaha. Bakilana hakuwahi kumpiga. Alikuwa akifuta viatu, anamkuna shingo, wanaingia ndani.

Baada ya mazishi bendi ilikuja kuchukua tarumbeta lake, lakini Watasema aliendelea kuamini kwamba tarumbeta likilia popote, bwana wake amerudi. Sikudhani hakuwa na moyo wa kumkatisha tamaa, maana siku nyingine hata yeye alisikia bendi kwa mbali akaacha vitumbua viungue.

*

Mambo yaliharibika siku Mtukufu alipokuja kufungua Bustani ya Utulivu. Bustani ile alikwisha kuifungua mara kadhaa, lakini alipenda mkasi. Sikudhani alikuwa pembeni na beseni lake la vitumbua, Watasema amefungwa kwa kamba ndefu kwenye mguu wa benchi. Wageni wakaketi, utepe ukanyooshwa, Mtukufu akaanza hotuba, bendi ikimsindikiza kwa tarumbeta.

Kamba ikafyatuka. Watasema alipita chini ya miguu ya mawaziri, akaruka mkia wa gauni la mke wa spika, akakutana na jozi ya kwanza ya viatu vinavyong'aa. Vilikuwa vya Mtukufu. Akakojoa kwa moyo wake wote mpaka tone la mwisho. Mtukufu aliendelea kusoma hotuba. Walinzi nao walitazama mbele, kwa kuwa hakuna aliyewaamuru waone. Sikudhani alinyakua kamba, akabeba beseni, akaondoka upesi; alijua mbwa wa namna ile hatafutwi ili apongezwe.

Kesho yake Gazeti la Serikali liliandika kwamba katika ufunguzi wa bustani Mtukufu alipatwa na umande mguuni. Ilikuwa saa nane mchana, jua la kupasua kichwa, kwa hiyo Mkurugenzi wa Hali ya Hewa akafukuzwa kazi kwa kushindwa kuutabiri.

*

Ikishaandikwa umande, hakuna tena wa kutaja mkojo. Waziri wa Vipimo na Adabu, Mheshimiwa Mapesi, mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu, aliingia bungeni na Sheria ya Urefu wa Kamba za Mbwa Mahali pa Umma.

"Ndugu wabunge," alisema, "taifa lililostaarabika hujulikana kwa kamba zake. Tunataka kamba yenye nidhamu, kamba inayojitambua, kamba shirikishi. Wataalamu wetu wamethibitisha kwamba umande wa ghafla huletwa na kamba ndefu."

Wabunge wakapiga meza. Mmoja aliyekuwa amelala akazinduka akapiga zaidi ya wote. Sheria ikapita: kamba ya mbwa isizidi dhiraa moja, na mbwa asiye na mtu wa kumshika ahesabiwe mzururaji.

Hapa yafaa nieleze walivyokuwa wakipima vitu kule. Futi za chuma zilikuwepo madukani, lakini kwa desturi ya nchi kipimo halali kilikuwa mkono wa mkubwa anayehusika, yaani kuanzia kiwiko cha waziri hadi ncha ya kidole chake cha kati. Waziri akibadilishwa, nchi nzima inapimwa upya. Chini ya waziri aliyetangulia, pande la mtu, ukinunua kanga unafunika kitanda. Chini ya Mapesi, kwa dhiraa zilezile, unafunika mto. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu kusema kipimo ni kifupi ni sawa na kusema waziri ni mfupi, na hilo lilikuwa kosa la jinai.

Basi mkono wa Mapesi ukachongwa kwa mbao, na kila mtaa ukaletewa mkono mmoja na Afisa Kamba mmoja. Wa Songambele aliitwa Makungu, mzaliwa wa mtaa uleule, kijana aliyekuzwa kwa vitumbua vya Sikudhani. Mbwa ambaye kamba yake inazidi mkono alipelekwa Chuo cha Maadili ya Mbwa, chuo ambacho hakijawahi kutoa mhitimu. Kilijengwa ukuta mmoja na kiwanda cha soseji cha shemeji yake waziri. Mimi sisemi kitu. Nasema tu kwamba ukuta ulikuwa na mlango.

*

Ukichukua mbwa mfupi, ukamfunga kamba ya mkono wa mtu mfupi, ukampa mtu wa kawaida ashike, yule mtu atainama. Mji mzima ukainama. Watu walikwenda kazini wameinama, wakasalimiana visigino, wakapishana kwa kugongana vichwa. Maharusi walipigwa picha za visogo. Wezi walineemeka, kwa kuwa hakuna aliyeona sura zao. Polisi walipotangaza kumtafuta mtu mwenye kandambili za bluu, nusu ya mji ikajisalimisha.

Aliyeumia kuliko wote alikuwa Sikudhani, kwa urefu wake na ufupi wa Watasema. Akimtembeza, paji lake la uso lilikuwa karibu kugusa magoti. Makungu alimhurumia, akamshauri amwache mbwa uani. Sikudhani akamkumbusha kwamba uani hakuna mtu, na mbwa asiye na mtu kwa sheria yao ni mzururaji.

"Mimi naitekeleza tu sheria, mama, siyo mimi niliyeitunga," alisema Makungu, akiupakata ule mkono wa mbao.

"Najua, mwanangu. Aliyeitunga hana mbwa."

Wakati huohuo akaja Mjumbe wa Wahisani, mgeni kutoka nchi za mbali zinazotoa misaada. Alizungushwa mjini ndani ya gari lenye vioo vyeusi, akaona umati ulioinama kila barabara, akatokwa na machozi. Aliwaandikia wakubwa zake kwamba hajawahi kukutana na taifa nyenyekevu namna ile, na msaada ukaongezwa. Mtukufu naye alipenda. Tangu aingie madarakani alikuwa akikerwa na macho ya watu, na sasa alipita mji mzima bila kukutana na jicho hata moja. Madaktari walipokwenda Ikulu kuomba kamba irefushwe kidogo kwa ajili ya migongo, aliwauliza kama wanataka watu waanze kumtazama tena.

Baada ya hapo kusimama wima kukawa dalili ya uchochezi. Wasio na mbwa wakaamriwa kushika kamba tupu, ikaitwa Kamba ya Uzalendo, na ukipita mjini ungewakuta watu wazima wenye akili zao wameinama wakivuta hewa, wengine wakiiambia hewa "twende, twende", ili Afisa Kamba asiwatilie shaka.

*

Asubuhi moja Sikudhani aliinamia jiko akashindwa kuinuka. Majirani walimbeba hospitali, na daktari, ambaye naye alimpima akiwa ameinama, alimwambia ukweli: achague kati ya mbwa na mgongo.

Alirudi nyumbani akalia. Alilia kwa maumivu, na zaidi alilia kwa hasira, kwa sababu tarumbeta walimchukulia, mume walimchukulia, na sasa wamefikia mbwa. Watasema alikaa miguuni pake akimtazama, lile sikio moja limesimama. Sikudhani alifungua sanduku atafute kitambaa cha kujifunga kiuno, na chini kabisa mkono wake ukagusa kanga aliyoinunua mwaka wa kwanza wa ndoa, ya kumbebea mtoto. Haikuwahi kufunguliwa. Ilinunuliwa enzi za yule waziri pande la mtu, kwa hiyo ilikuwa kanga hasa.

Aliitazama kwa kitambo. Kisha akamwinua Watasema, akamweka mgongoni, akavuta kanga, akafunga fundo kifuani. Watasema, ambaye kuoga tu ilikuwa vita, alitulia tuli, kidevu begani kwa mama yake. Sikudhani akanyooka. Mifupa ikalia yote kwa zamu. Akatoka nje hivyohivyo, wima, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi akayaona mapaa ya Songambele.

Kwenye kona akakutana na Makungu, aliyepiga saluti kwanza kwa kudhani ni mkubwa fulani.

"Shikamoo mama. Umebeba nini?"

"Marahaba. Wewe unaona nini?"

"Naona mbeleko."

"Basi."

"Sasa na kamba? Imezidi mkono, haijazidi?"

"Imo humu ndani, mwanangu. Ingiza mkono wako wa mbao upime."

Makungu alitazama kushoto na kulia. Watu walikwisha kusimama kuangalia, yaani walikwisha kugeuza shingo kutoka chini. Katika nchi ile mwanamume wa serikali aliweza kumfanyia mwanamke mengi barabarani: kumwaga mafuta yake, kuvunja jiko lake, kumtupa garini na beseni lake. Lakini kupenyeza mkono ndani ya mbeleko ya mama, mchana, mbele za watu, hilo halikuwahi kuonekana, na hata waziri mwenyewe asingethubutu kwa sababu ana mama. Tena Makungu alikumbuka kwamba mama yake alipokuwa sokoni, mgongo uliombembeleza yeye ulikuwa huohuo. Akaushusha ule mkono wa mbao.

"Niwaambie nini ofisini, mama?"

"Waambie mtoto ana afya."

Akawaambia hivyo. Kufika jioni kanga zilikuwa zimekwisha madukani. Wanawake wa Songambele walibeba mbwa zao, wakafuatia wa mitaa mingine, halafu wanaume nao wakaanza kuazima mbeleko za wake zao. Nilisikia habari za sajini mstaafu mwenye masharubu aliyembeba mbwa wake wa ulinzi, mkubwa kuliko ndama, akimbembeleza kwa kumpigapiga makalio. Walioshika hewa wakabeba mito. Mji ukasimama. Watu wakaonana nyuso, wakakuta wengine wamezeeka, wengine wamenenepa, na wakafurahi kupita kiasi.

Maafisa Kamba wa nchi nzima, kila mmoja kwa kuogopa mbeleko, wakatoa taarifa ileile: mtoto, ana afya. Taarifa zikapanda ngazi kwa ngazi, na kila ngazi ikaongeza watoto kidogo ili isionekane imezembea. Waziri wa Afya akatangaza mapinduzi ya uzazi, na Wahisani wakaleta msaada wa wachanga. Kliniki zikapokea wachanga wenye manyoya, zikawapima uzito, zikawapa matone, na muuguzi aliyeng'atwa akaelezwa kwamba watoto wa siku hizi huota meno mapema. Mtukufu alipoambiwa kwamba wananchi wanazaana kwa kumpenda, na kwamba wamenyooka kwa kubeba watoto tu, hakuona ajabu yoyote. Akaamuru yafanyike maonyesho ya wachanga uwanjani, na Mjumbe wa Wahisani aalikwe.

*

Sikudhani hakutaka kwenda. Palipo na Mtukufu pana bendi, na palipo na bendi Watasema hajiwezi. Safari hii asingeweza kunyakua kamba na kukimbia. Lakini Makungu alikuja kumwambia kwa sauti ya chini kwamba wakaguzi wa Ikulu watapita nyumba ya kila mama asiyeonekana uwanjani, na hao hawana haya ya mbeleko. Basi akamziba Watasema masikio kwa pamba, akamvika kofia ya sufu ya kitoto mpaka puani, akamfunga mgongoni mara mbili. Njia nzima alimwambia anyamaze, ingawa hakuwa amesema kitu.

Alijipenyeza nyuma kabisa. Ila mtu mrefu hana nyuma. Mtukufu alipopanda jukwaani jambo la kwanza kuliona lilikuwa macho ya Sikudhani yakimtazama kutoka juu ya vichwa vya watu. Hakuyapenda. Akatabasamu, akashuka, akamwendea, kamera zikimfuata. Kulikuwa na kazi moja tu aliyoifanya kwa mikono yake mwenyewe tangu apate cheo, nayo ilikuwa kunyanyua watoto wa watu apigwe picha.

"Mama, nipe mjukuu wangu nimbariki."

"Amelala, Mtukufu."

"Kwangu hakuna anayelala nikiwa nimesimama. Mlete."

Sikudhani aliona walinzi wakisogea. Akafungua fundo mwenyewe, akamgeuza Watasema kifuani, akamkabidhi. Aliomba asivuliwe kofia, mtoto ana aibu. Mtukufu akaivua. Pamba ikadondoka.

Walitazamana, Mtukufu na Watasema, pua kwa pua. Nyuma ya Mtukufu, Waziri wa Afya alifumba macho na Mapesi akajificha nyuma ya spika, jambo ambalo kwake halikuwa gumu. Mjumbe wa Wahisani alikuwa amesogea na kamera yake. Mtukufu akili ilimzunguka upesi: huyu akiwa mbwa, basi wote ni mbwa, na mapinduzi ya uzazi ni mbwa, na msaada uliokwisha kuliwa ulikuwa wa mbwa. Akageukia kamera.

"Amefanana na baba yake," alisema.

Makofi yakalipuka. Kiongozi wa bendi, aliyekwisha kuonywa mara moja na hakutaka kuonywa tena, alidhani hiyo ndiyo ishara. Akainua fimbo. Tarumbeta likalia.

Sikio lililostaafu likasimama. Watasema alitetemeka kuanzia pua mpaka mkia, akalia kwa sauti nyembamba ambayo Sikudhani hakuwa ameisikia tangu Bakilana alipokuwa hai, na machozi yakamtoka mjane yule palepale, hofu yote ikapotea. Watasema akatafuta kwa macho viatu vinavyong'aa, akaviona chini yake, akaachia.

Sheria ya nchi ilisema wimbo wa taifa ukipigwa hakuna kutembea, kuketi wala kutua kitu mpaka beti ziishe. Aliyeitunga ni Mtukufu. Alichoweza kufanya ni kunyoosha mikono ili suti ipone, na mikono ilipochoka akainamisha kiuno, na furaha ya Watasema ilipozidi akainama zaidi. Beti zikaenda. Kufika ile ya mwisho, ya siku yake ya kuzaliwa ya majuzi, Mtukufu alikuwa amejikunja kabisa, kichwa kikielekea miguuni kwa mkaanga vitumbua, na mbele yake umati wote umesimama wima, mbwa mabegani, ukimtazama bila kupepesa. Kisha mbwa nao wakaanza kuitikia wimbo.

Mjumbe wa Wahisani alilia waziwazi. Alisema amezunguka dunia lakini hajaona kiongozi anayeinama mbele ya mama maskini kwa beti zote hizo.

Wimbo ulipokwisha Sikudhani aliinua mikono, akampokea Watasema, akamrudisha mgongoni na kufunga fundo taratibu.

"Pole, Mtukufu," alisema. "Ni umande."

*

Wiki hiyohiyo sheria ya kamba ilifutwa, kwa sababu ambayo Gazeti la Serikali halikuitaja, na Mapesi akateuliwa balozi katika nchi ambayo bado inatafutwa. Waziri mpya ana mikono mirefu. Sikudhani amerudi kwenye vitumbua vyake, na jioni humtembeza Watasema kwa kamba ndefu, mbwa mbele akinusa kila kona na yeye nyuma, wima, akiinama milangoni tu.

Wahisani nao wameandika katika mkataba mpya kwamba msaada utatolewa penye sherehe, baada ya kiongozi wa nchi kuinama kama alivyoinama siku ile, beti zote. Mtukufu huinama. Majuzi alimwita daktari akalalamika kwamba hawezi tena kunyooka, na daktari akamwambia achague kati ya msaada na mgongo. Mpaka ninapomaliza kuyasimulia haya bado hajachagua, ila wanaomhudumia wanasema siku hizi humtambua kila mtu kwa viatu.